Akili Haiugui Nje ya Mwili

Kifungu cha 217 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa la jinai. Kifungu chenyewe hakitaji adhabu, hivyo hurejewa kifungu cha 35, ambacho kwa makosa ya aina hiyo kinaruhusu kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Tafsiri yake katika maisha ni hii: binti aliyeelemewa hadi akataka kuiaga dunia, akaokolewa na majirani, anaweza kufumbua macho wodini akamkuta muuguzi upande mmoja wa kitanda na askari upande wa pili. Muuguzi anamwona mgonjwa. Askari anamwona mtuhumiwa. Ninaandika makala hii kudai kwamba muuguzi ndiye anayeona sawasawa, na kwamba dola inayomtuma askari pale haikosei kwa ukatili peke yake. Inakosea kwa kutojua binadamu ni kiumbe wa namna gani.

Kila sheria hubeba falsafa, hata kama waliyoiandika hawakuwa wanafalsafa. Falsafa iliyomo ndani ya kifungu hiki ni kwamba akili ni kitu kimoja na mwili ni kitu kingine. Mwili ukiugua ni bahati mbaya, akili ikiugua ni hatia. Falsafa hiyohiyo imo katika mipango ya hospitali zetu, katika mahubiri, katika utani wa vijiweni pale mtu anapoambiwa apelekwe Milembe. Wengi wanaoiishi hawajawahi kuitamka. Wachache wanaoitamka huitetea kwa hoja mbili zinazopingana: wengine husema ndiyo mila zetu, wengine husema ndiyo sayansi ya Wazungu. Hoja zote mbili si kweli, na njia nzuri ya kuzivunja ni kurudi katika zama ambazo Ulaya yenyewe inajivunia kuliko zote, Zama za Mwamko, yaani Renaisansi, tukaone walivyofikiri juu ya jambo hili.

Wanafunzi wangu wengi hufika darasani wakiwa wamekariri kwamba fikra za Ulaya tangu mwanzo zilitenganisha nafsi na mwili. Jina wanalolitaja ni la Mfaransa René Descartes. Lakini kitabu chake cha Tafakuri kilichapwa mwaka 1641, Mwamko ukiwa umekwisha kuzeeka. Tena hata siku zake hakukubaliwa kirahisi. Mwaka 1643 Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia barua akimwuliza swali ambalo halijajibiwa vizuri hadi leo: ikiwa nafsi haina uzito wala umbo, inausukumaje mwili usogee? Descartes alizunguka. Aliitafuta njia ya kuviunganisha vitu viwili ambavyo yeye mwenyewe ndiye aliyevitenga.

Kabla yake, tabibu msomi wa Padua au wa Firenze asingelielewa hata hilo tatizo. Aliamini kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakiwa katika ulinganifu, mtu ni mzima. Moja likizidi, mtu huugua, na ugonjwa huo hauulizi kama upite mwilini au akilini, hupita kote. Nyongo nyeusi ikizidi, mtu hukosa usingizi, hula kidogo, hujitenga na kuona giza mchana. Wagiriki waliiita hali hiyo kwa jina la nyongo yenyewe, melankolia. Ugonjwa wa huzuni ulipewa jina la kiowevu cha mwili.

Sasa msomaji wa pwani asidhani kwamba ninampeleka ugenini. Elimu hii Ulaya iliisoma kwa sehemu kubwa kutoka kwa Ibn Sina, ambaye Kanuni yake ya tiba ilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, ikafundishwa katika vyuo vikuu vya Ulaya kwa karne kadhaa. Mto huohuo wa elimu ulimwaga maji yake hata katika upwa wetu, pamoja na biashara na dini. Ndiyo maana Kiswahili kina neno balghamu. Ndiyo maana kina neno safura, ambalo asili yake ya Kiarabu ni nyongo ya njano, ingawa leo tunalitumia kwa ugonjwa wa kupungukiwa damu. Na ndiyo maana neno tabia, ambalo leo tunalitumia kwa mwenendo wa mtu, asili yake ni maumbile: jinsi kitu kilivyoumbwa, umoto wake na ubaridi wake, ukavu wake na unyevu wake. Wazee wa Mombasa na Zanzibar wanaosema chakula fulani ni cha moto na kingine ni cha baridi wanazungumza lugha ambayo Galeni na Ibn Sina wangeitambua. Kwa hiyo anayesema kwamba kuuona mwili na akili kuwa kitu kimoja ni mambo ya kuiga Ulaya, na ailaumu kwanza kamusi ya lugha yake.

Mfano wa Mwamko ninaoupenda kuliko yote ni wa Marsilio Ficino. Huyu alikuwa mwana wa tabibu, akawa mfasiri wa Plato, kisha akawa padri. Kama kuna mtu aliyepaswa kuudharau mwili, ni yeye, maana Plato hakuusifu sana. Lakini mwaka 1489 Ficino alichapisha huko Firenze kitabu juu ya maisha, na sehemu yake ya kwanza inahusu afya ya wasomi. Hoja yake ni kwamba mtu anayefikiri kutwa na kukesha usiku hutumia mwili wake kama mfua chuma anavyotumia mikono, kwa hiyo huchakaa, nyongo nyeusi humtawala, naye huangukia huzuni. Tiba anazozipendekeza ni usingizi, chakula kinachofaa, matembezi, harufu nzuri, muziki. Padri yule hakuwaambia wasomi kwamba huzuni yao ni upungufu wa imani. Aliwaambia kwamba wana miili.

Hawakuwa na kauli moja. Mwaka 1516 Pietro Pomponazzi aliandika kwamba akili ya binadamu haiwezi kufikiri lolote bila taswira inazopewa na mwili, hivyo kwa hoja ya akili pekee hatuwezi kuthibitisha kwamba roho haifi. Kitabu chake kilichomwa moto hadharani huko Venezia. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua mwenye umri usiofika miaka 30, alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya muundo wa mwili wa binadamu. Kabla yake ilikuwa desturi profesa aketi juu ya kiti kirefu akisoma maandiko ya Galeni, huku kinyozi akipasua maiti chini yake. Aliyejua hakugusa, na aliyegusa hakuulizwa. Vesalius alishuka kitini, akashika kisu mwenyewe, akaona kwa macho yake mahali Galeni alipokosea.

Lakini aliyefanya jambo zito kwa watu wa kawaida ni Johann Weyer, tabibu wa mtawala mmoja wa Kijerumani, ambaye mwaka 1563 alichapisha kitabu cha kuwatetea wanawake waliokuwa wakichomwa moto kwa madai ya uchawi. Weyer hakukana kwamba Shetani yupo. Alichokana ni kwamba vikongwe maskini waliokiri kupaa usiku na kuharibu mavuno walikuwa na uwezo huo. Alisema wengi wao ni wagonjwa, nyongo nyeusi imewavuruga fikra, nao wanamhitaji tabibu kabla ya hakimu. Mwaka 1580 Jean Bodin, mwanasheria msomi sana, alimjibu kwa hasira akitaka waendelee kuteketezwa. Wasomi hatuna budi kulikumbuka hilo: katika mjadala ule mtaalamu wa sheria ndiye aliyetetea moto, na mganga wa miili ndiye aliyetetea watu.

Hoja ya Weyer ina umri wa zaidi ya miaka 450, na bado haijafika kila mahali nchini kwetu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka 50. Mwili umeandika juu ya uso historia ya kazi na umaskini, na jirani ameisoma kama hati ya roho mbaya. Huko ndiko kunakofika kuutenga mwili na nafsi: alama ya mwili haitafutiwi tena sababu ya mwili.

Nisieleweke kwamba ninawatukuza watu wa Mwamko. Nyongo nyeusi kama walivyoieleza haipo. Waliwatoa wagonjwa damu hadi wakadhoofika. Majibu yao mengi yalikuwa mabovu, lakini swali lao lilikuwa zima: mtu huyu mmoja aliyelala mbele yangu amepatwa na nini? Sisi tuna majibu bora kuliko yao, tuna vidonge ambavyo wao hawakuviota, ila tumeligawa swali vipande viwili, kipande kimoja tukakipeleka hospitalini na kingine tukakipeleka polisi, kwa mganga au madhabahuni.

Nimekwisha kusema kwamba mgawanyo huu haukuota hapa. Kifungu cha 217 tulirithi kutoka kwa Waingereza pamoja na kanuni nyingine za adhabu. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo kwao kwa sheria ya mwaka 1961, katikati ya mwaka. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Yaani bendera yao iliposhushwa Dar es Salaam, London ilikuwa imekwisha kutambua miezi kadhaa kabla kwamba mtu wa namna hiyo hafai kufungwa. Waliondoka na busara yao mpya, wakatuachia makosa yao ya zamani, nasi tumeyatunza kwa zaidi ya miaka 60 kana kwamba ni amana ya mababu.

Nataka sasa tushuke kitini kama Vesalius, twende Kerenge. Kerenge ni kata ya Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara, nchi ya Wasambaa na majirani zao Wazigua wa upande wa Handeni. Ninaichagua kwa sababu Korogwe ina mambo mawili ambayo yakiwekwa pamoja yanaifunga hoja yangu.

La kwanza ni Lutindi. Katika wilaya hiyohiyo, juu milimani, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwishoni mwa karne ya 19 kituo cha kulelea watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 kituo hicho kilianza kupokea wagonjwa wa akili, kikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo katika Afrika Mashariki, miaka zaidi ya 20 kabla ya Mirembe ya Dodoma. Kinaendelea hadi leo chini ya Kanisa la Kilutheri, na sehemu ya tiba yake ni kazi za mikono: karakana, bustani, mashamba. Mtu anaweza kuwa na maswali juu ya kazi kama tiba, nami ninayo, hasa nikikumbuka kwamba ilianzishwa katika koloni lililokuwa na njaa kubwa ya vibarua. Hata hivyo kiini chake ni kwamba anayetibiwa ana mikono, usingizi, njaa na saa za kuamka, na kwamba vyote hivyo ni mlango wa kumfikia. Ficino angeelewa.

La pili ni malaria. Kwa miaka mingi mtoto wa Tanga aliyekakamaa na kupindua macho alisemwa amepatwa na degedege, na degedege kwa wazazi wengi lilikuwa jambo la dege au shetani, la kupelekwa kwa mganga kwanza. Sayansi ilieleza kwamba katika malaria kali vimelea huziba mishipa myembamba ya damu ndani ya ubongo. Kilichoonekana kuwa pepo kilikuwa damu iliyozibwa njia. Elimu hiyo ilihubiriwa kliniki za mama na mtoto, redioni na shuleni, na wazazi wengi leo humbeba mtoto mbio hadi zahanati. Tena Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ilikuwa mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mapana kwa watoto Oktoba 2021. Damu ya watoto wa Korogwe imeufundisha ulimwengu.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba wananchi wa vijijini hawawezi kubadili mtazamo. Walibadili juu ya degedege, kwa sababu walipofika zahanati walikuta kipimo na dawa. Mahubiri bila dawa yasingewabadilisha. Swali ni kwa nini ubongo wa mtoto wa miaka miwili uliopatwa na malaria tunauita mgonjwa, lakini ubongo wa kijana wa miaka 22 uliopatwa na sonona tunauita mvivu, au mlaaniwa, au mhalifu.

Mama mmoja wa Kerenge, ambaye nilimpa shikamoo naye akaniita mwanangu kabla hajaniuliza jina, alinieleza habari za kijana wake wa pili. "Ana mawazo," alisema. "Halali, hali, moyo unamwenda mbio, na jembe halitaki tena." Tazameni sentensi hiyo. Ameanza na mawazo, akapita usingizini, tumboni, kifuani, akaishia shambani, na hakuvuka mpaka wowote kwa sababu kwake hakuna mpaka. Neno lenyewe la Kiswahili, kuwa na mawazo, halimaanishi kufikiri. Linamaanisha kuugua kwa kufikiri. Mama huyu hakuhitaji shahada ili ajue kile ambacho Descartes alikisahau.

Walimpeleka kijana katika kituo kimoja cha afya, si cha Kerenge, ambacho sitakitaja kwa sababu kasoro yake ni ya mfumo na si ya jengo lile. Alipimwa malaria, haikuonekana. Akapewa dawa ya maumivu, na mama akaambiwa kwamba mwanawe hana ugonjwa. Sina ugomvi na mhudumu aliyelitamka neno hilo. Hakufundishwa zaidi, na kabati la dawa halikuwa na kitu cha kumpa. Lakini hukumu ya "hana ugonjwa" ni nzito kuliko inavyosikika. Mtu anayeteseka akiambiwa na hospitali kwamba hana ugonjwa, familia inabaki na maelezo mengine matatu tu: amerogwa, ametenda dhambi, au anajitakia. La kwanza lilikula mbuzi wa familia. La pili lilimfungisha kijana siku kadhaa bila chakula, mtu ambaye tayari alikuwa hali. La tatu ndilo linaloishia mbele ya askari.

Najua pingamizi zitakazokuja, nami nizijibu.

Itasemwa kwamba kosa likifutwa watu wengi zaidi watajidhuru. Anayesema hivyo hajakaa na mtu aliyefika ukingoni. Aliyekata tamaa ya uhai haogopi kifungo cha miaka miwili. Wanaokiogopa ni ndugu zake, ambao kwa hofu ya polisi humficha ndani, hudanganya hospitalini kwamba alikula kitu kwa bahati mbaya, na hawamrudishi kliniki. Sheria hii haimzuii mtu kufa, inamzuia kutibiwa. Kenya walilitambua hilo: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni zao za Adhabu, ndugu pacha wa kifungu chetu, kinapingana na Katiba. Ghana walikwisha kulifuta kosa hilo mwaka 2023.

Itasemwa kwamba nchi ni maskini, tumalize malaria na vifo vya wajawazito kwanza. Hoja hii ndiyo falsafa ya kutenganisha ikijivika koti la mchumi. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua hanyonyeshi vizuri. Mgonjwa wa kisukari aliyekata tamaa hachomi sindano yake. Anayeishi na virusi vya UKIMWI akizama katika huzuni huacha vidonge. Hakuna foleni mbili. Ni mtu yuleyule amesimama katika foleni zote. Na dawa za msingi za kifafa na sonona ni za zamani, hazina hataza, na bei yake si ya kutisha kwa serikali inayonunua kwa wingi.

Itasemwa kwamba mengine ni ya kiroho, na msomi hana mamlaka nayo. Sibishani na sala. Ficino alikuwa padri, na Weyer alimwamini Mungu kuliko wengi wetu. Ninachokataa ni sala inayomvua mtu vidonge mkononi. Sheikh au mchungaji asiyemzuia mwenye kisukari kutumia insulini hana hoja ya kumzuia mwenye saikosisi kutumia dawa yake. Kama ubongo si kiungo cha mwili, na atuambie ni kiungo cha nini.

Itasemwa mwisho kwamba kusema akili huugua kama mwili ni kumwondolea mtu wajibu, kila mhalifu atadai kuwa mgonjwa. Hapana. Sheria zetu tayari zinajua kupambanua aliyetenda kwa kusudi na aliyetenda akili ikiwa imevurugika. Ninachodai ni chembamba zaidi: anayejidhuru mwenyewe kwa uchungu hajamkosea mtu mwingine, na ushahidi mkuu wa kosa lake ni dalili ya ugonjwa wake.

Basi nini kifanyike? Bunge lifute kifungu cha 217, moja kwa moja, bila kukibadilisha jina. Nchi ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008; haiwezekani sheria moja imtake mtu huyo atibiwe na nyingine imtake ashtakiwe. Kanuni za Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 zisiiweke akili katika orodha ya nyongeza, kama vile ni miwani ya urembo. Kitita cha msingi kiwe na sonona, kifafa na saikosisi pamoja na shinikizo la damu. Mhudumu wa zahanati afundishwe kuuliza maswali manne au matano juu ya usingizi, hamu ya kula na tamaa ya kuishi, kama alivyofundishwa kuchoma kidole kupima malaria, na dawa ziwepo kabatini siku hiyohiyo. Na watumishi wa umma wanaosoma makala hii, mnaoandaa bajeti za halmashauri, mnajua kasma ya afya ya akili ilivyo katika vitabu vyenu. Sina haja ya kuwatajia tarakimu. Fungueni muone kama ipo.

Nasi wa vyuo vikuu tusijitoe. Tunawapokea vijana na kuwatendea kana kwamba ni vichwa vilivyokuja bila matumbo. Mkopo ukichelewa wanalala njaa, asubuhi tunawapa jaribio, wakishindwa tunaandika kwamba hawana uwezo. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi huwa na mtu mmoja kwa maelfu. Mwanafunzi akiacha kuhudhuria tunahesabu siku za utoro kabla ya kuuliza kama analala. Ficino aliandika kwa ajili ya wasomi mwaka 1489. Itakuwa aibu kwa chuo cha karne ya 21 kumjua mwanafunzi wake kidogo kuliko padri yule alivyowajua wasomaji wake.

Kwenu wanaharakati nina ombi moja la lugha. Tumeuzoea msemo wa afya ya akili hadi umeanza kusikika kama jambo la watu wa mjini wenye muda wa kujitazama, lililo mbali na afya yenyewe. Tukienda Kerenge tusianze na istilahi. Tuanze pale alipoanzia yule mama: halali, hali, moyo unakwenda mbio, jembe halitaki. Hapo mwili na akili bado havijatenganishwa na mtu yeyote, na hapo ndipo tiba inapopaswa kuanzia.

Bunge limerekebisha Kanuni za Adhabu mara nyingi tangu uhuru. Limeongeza makosa, limezidisha adhabu, limeandika vifungu vipya kwa ajili ya nyakati mpya. Kukifuta hiki kimoja hakuhitaji fedha, hakuhitaji wafadhili, hakuhitaji tume. Kunahitaji wabunge wakubali jambo ambalo tabibu Weyer alilikubali mwaka 1563 na ambalo mkulima wa Kerenge hajawahi kulikana: kwamba binadamu ni mmoja, na akiugua, anaugua wote.